Mstari wa Bibi Siwatu

Siku hizi bomba hufunguka likigundua mkono wa mtu aliyeandikwa kwenye ukurasa wa nyumba yake. Ukurasa ukiwa na makosa, halimfungukii yeyote. Jumanne hiyo Mwajabu aliniita mimi, fundi wa kurasa, baada ya siku nne za ukame. Kioo cha kompyuta yangu kilionyesha makosa arobaini na moja.

"Kosa ni moja tu," nilimwambia. "Mstari wa mama mkwe wako hauna tarehe ya kuzaliwa, ndiyo maana yote ya chini yake yameharibika."

"Nilizaliwa mwaka wa nzige," alisema Bibi Siwatu, akisugua sufuria kwa majivu.

"Mfumo haujui nzige, Bibi. Tarehe tutaiomba kwa msajili, wiki mbili."

Mwajabu alitazama saa. "Fundi, hakuna njia ya mkato?"

Ipo, na ni mimi niliyeitaja. Unauwekea mstari alama mwanzo na mwisho. Mstari unabaki palepale, ila mfumo hauusomi, kana kwamba haupo. Ilinichukua dakika moja. Ukurasa ukawa wa kijani. Mwajabu akakinga mkono, bomba likakohoa, maji yakamwagika. Akanywa hadi akapumua kwa nguvu.

"Mungu akubariki, mwanangu," Bibi aliniambia, akakinga mikono yake yenye majivu.

Maji yakakatika. Akaitoa mikono, akaifuta kwa kanga, akaikinga tena, taratibu.

"Mama, utaliharibu hilo bomba," alisema Mwajabu, akivaa viatu vya kazini, tayari kwa zamu ya siku tatu. "Nitakufungulia nikirudi Ijumaa."