Picha ya Kiboko Kwenye Roketi

Mbayuwayu walioishi katika nyumba inayoizunguka dunia waliishiwa chakula. Nungunungu akaunda roketi ya mizigo yenye vipande viwili. Kiboko, mtawala wa wanyama, akabandika picha yake kwenye kipande cha chini.

"Kipande hicho ni tangi la mafuta; yakiisha, kitaachia na kuanguka baharini," Nungunungu alimwambia.

"Uniangushe mimi? Kikaze kisiachie!"

"Sikikazi, mheshimiwa. Roketi ikibeba tangi tupu haitafika, na wenzetu watakufa njaa."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze wakishakula."

Nungunungu akawasha injini. Roketi ikanguruma, ikapaa, na picha ya Kiboko ikaporomoka baharini.

Baadaye redio ikasema, "Chakula kimefika!"

Kiboko akageuka amfukuze Nungunungu, akakuta wanyama wamembeba mabegani, licha ya miiba yake yote.