Kiti cha Kando ya Dereva

Gari lilikuwa limeshaanza kutoka uani Shekuwe alipofungua mlango na kujitupa kando ya mkewe.

"Leo twende wote kwa huyo fundi wako."

Mwanasha alikanyaga mafuta. Tangu injini itengenezwe, maji ya rejeta yalikuwa yakipungua, na kila wiki alirudi gereji.

"Analegeza skrubu makusudi ili urudi," mumewe alisema njia nzima. "Leo namuumbua mbele za watu."

Walipofika gereji, fundi Makame, kijana wa meno meupe, alitandaza boksi chini ya injini aone panapovuja. Halikupata hata tone la maji.

"Shemeji, hapa nimeshindwa."

"Mwongo wewe!" Shekuwe alishuka kwa hasira, viatu vikalia chwa, chwa.

Fundi alizitazama soksi zilizolowa, akapapasa zulia la gari, akanusa vidole.

"Bomba la hita ya gari linavujia ndani, miguuni pa abiria. Dada, kwani hiki kiti hakikaliwi?"

"Na nani?" alisema Mwanasha. "Siku zote niko peke yangu."

Bomba lilizibwa, maji hayakupungua tena. Makame alihamia mji mwingine. Shekuwe aliendelea kumsindikiza mkewe kila safari. Mwanasha aliuza gari, akanunua baiskeli isiyo na keria.