Dozi ya Wunpini

Sheria ilimpa kila mtu dozi moja ya dawa ya vijidudu sugu, moja tu mpaka kaburini. Mke wa Issahaku aliimaliza yake kwa jino bovu, na kidonda chake cha upasuaji kilipotunga usaha, wauguzi walimfunika shuka wakasubiri.

Kisha binti yake Sanatu akadungwa dozi yake, akajifungua kwa kisu. Issahaku alikwenda kumwandikisha mjukuu, Wunpini.

"Dozi ya huyu imeshatumika, Baba," alisema karani. "Mama alipodungwa, naye alikuwa tumboni."

"Kwani alikuwa mgonjwa?"

"Sheria haiulizi hivyo."

"Na wajukuu wa hao wakubwa, wao hukaa matumbo gani?"

Karani akaita anayefuata.

Issahaku alirudi nyumbani akang'oa misumari yote ukutani, akaifunga meza matambara, kuku akawagawa. Wunpini akalelewa juu ya godoro.

Alipofikisha miezi kumi, asubuhi moja alishika goti la babu yake, akasimama.

"Baba, umeona?" Sanatu alicheka huku akipiga makofi.

"Nimeona," alisema Issahaku, akamketisha taratibu.

Mtoto akainuka tena. Akamketisha tena.