Gari la Rangi ya Bihogo

Fundi Gaudiosus alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana, aliposikia kitu kinampumulia magotini. Akatambaa kutoka. Mbele yake alisimama Muhangi wa Kamuli, kamba mkononi, na nyuma ya kamba ng'ombe mwenye pembe ndefu.

"Uliniuliza bihogo ni rangi gani," Muhangi akasema. "Ndiyo hii."

Gaudiosus alikuwa mtu wa Bukoba, na alikuwa na makopo matatu ya rangi: nyekundu, nyeusi na ya udongo. Kwake yeye rangi hukaa ndani ya kopo. Kwa watu wa mifugo wa huku Karagwe rangi hukaa kwenye ngozi ya ng'ombe, na kila ngozi ina jina lake. Bihogo ni nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia kuwa nyeusi, na jua likiipiga inawaka.

"Bwana wee, gari lenyewe kizee," fundi akasema. Lilikuwa limetelekezwa na mzungu mmoja wa machimbo ya bati, na kulifanya litembee tu kulimtoa jasho mwezi mzima. "Tulipake nyeusi, yaishe. Nani atajua?"

"Mama atajua."

Habari za mama huyo, Ma Kokwijuka, zilikuwa zimefika hata machimboni. Mwaka wa vita vya Wazungu, gari la waandikisha askari lilisimama njia panda ya Kamuli, likamchukua Byabato, mwanawe wa kwanza, jembe likiwa bado begani. Tangu siku hiyo mama yule hajaikosa njia panda. Miaka kumi na miwili, mvua na jua, amekaa kwenye jamvi lake akitazama barabara. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Sura za watu hazioni tena, ila rangi bado anazipambanua. Na neno lake ni moja: "Lilikuwa bihogo. Likirudi nitalijua."

Jamani, kuna kazi ngumu kama kuwa mtoto wa pili wa mama kama huyo? Muhangi ndiye aliyepalilia migomba, ndiye aliyechuma kahawa, ndiye aliyembeba mama mgongoni asubuhi na jioni. Hata mnadani Ihanda mama hakutaka aende. Lakini motokaa yoyote ikinguruma mbali, mama alikuwa anapaza sauti: "Muhangi! Kimbia mtoni ukachote maji! Usirudi mpaka nikuite!"

Maji ya kumnawisha mgeni miguu, Muhangi alijiambia. Na yeye asiwepo, ili mama amkumbatie mwanawe bila mtu wa kumchosha macho. Basi alikaa huko mtoni, mtungi magotini, akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Jioni mama aliuliza, "Halikupita?"

"Halikupita, Mama."

Mama alishusha pumzi ndefu. Pumzi ile ilimkata Muhangi maini kila siku.

Barua ya kifo cha Byabato ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za paa, mwaka wa nane sasa. Katekista alimsomea Muhangi, na Muhangi hakuthubutu kumwambia mama. Sasa mama alikuwa hali chakula tena, hata ndizi za kupondwa alizirudisha, na siku zake zilikuwa za kuhesabika. Ila njia panda alidai abebwe. Muhangi akaona hakuna lingine: kabla mama hajafumba macho, Byabato atarudi. Umbo lao lilikuwa moja, sauti moja. Kilichokosekana ni gari.

"Na mimi nitapata nini?" fundi akauliza.

Muhangi akamkabidhi kamba.

"Si ndiye ng'ombe wako wa mwisho huyu?"

"Ndiye wa mwisho."

Gaudiosus alichanganya rangi siku mbili. Akipaka ubao, anaupeleka ubavuni mwa ng'ombe, anatukana, anaanza upya. Siku ya tatu alichovya kidole, akakiweka kwenye ngozi, na kidole hakikuonekana tena.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mungu amwachie huyo mama macho yake siku moja tu."

Jumamosi Muhangi alimbeba mama mpaka kwenye jamvi, akamwambia anakwenda kuchota maji. Akakata kupitia migombani, akavaa kofia ya kiaskari ya kuazima, akaketi kando ya Gaudiosus. Neno alikuwa nalo ulimini: Mama, nimerudi. Gari likapanda kilima likikohoa, jua likilipiga ubavuni, na kwa kweli liliwaka.

Ma Kokwijuka aliliona. Mwezi mzima hakuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, sasa alisimama. Akaingia katikati ya barabara, mikono ameitanua, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Gaudiosus akakanyaga breki. Muhangi akashika kitasa cha mlango.

"Rudini!" mama akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akilitwanga boneti kwa ngumi zake mbili. "Byabato mlikwisha mla! Mwingine sina! Muhangi amekufa, nilimzika mimi mwenyewe!"

Kisha akageukia upande wa mtoni, akaita kwa Kinyambo, wageni wale wasielewe: "Mwanangu, usirudi mpaka nikuite!"