Jina Lililobaki

Mashine ilikataa jina la Whitney. Nyuma ya pazia, mtoto naye akakataa jina la Odera.

Nashon, fundi wa kompyuta kutoka Kawangware, aliupapasa waya tena. Ulikuwa mzima. Katika chumba hiki cha Kisumu Ndogo, nusu nyumba na nusu duka la kupiga chapa, mlikuwa na mashine mbili zilizounganishwa: ndogo ya kuandikia, na kubwa ya kuhifadhi kazi zote, iliyokaa chini ya meza. Ndogo iliwaka vizuri. Ila kila ilipotaka kuingia katika kubwa, iliulizwa neno la siri, na neno hilo alilijua Tonny peke yake. Tonny, mwenye duka, alikuwa amekwenda Lokichoggio kwa kazi ya mkataba.

"Hakukuachia chochote, Mama Whitney?"

"Alisema atapiga simu kwa duka la Wanzala," Caren, mkewe, alijibu. "Hajapiga tangu Pasaka."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya omena. Machozi yalikuwa yamemwishia kabla hajajifungua. Alitaka kitu kimoja tu: namba ya simu ya ofisi iliyomwajiri mumewe, ambayo Tonny aliihifadhi katika ile mashine kubwa. Apige, wamwite, amwambie amepata mtoto wa kiume.

Nashon alijaribu jina la Caren. Ikakataa. Akajaribu Tonny, kwa herufi ndogo, kisha kubwa. Akazima, akawasha, akajaribu upya. Ikakataa.

Nyuma ya pazia, mama yake Tonny aliendelea na kazi yake. Alikuwa amefunga safari kutoka nyumbani kwa ajili ya mtoto huyu, aliyelia mchana kutwa na kulisukuma ziwa la mamake. Kwao Ujaluoni, mtoto wa namna hiyo anadai jina. Hutajiwa marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na anaposikia yule anayetaka kurudi kwa jina lake, hunyamaza. Majina ya walio hai hayamhusu.

"Owino, wewe uliyezama ziwani?" mama mzee aliita. Mtoto akalia zaidi.

"Dani," Nashon alimwita nyanya huyo kwa Kijaluo, "mjukuu wako na mashine hii ni mapacha. Wote vichwa ngumu!"

"Wangu atasikia kwanza. Huyo wako hata masikio hana!"

Caren hakucheka.

"Basi nisaidie, Dani. Tonny ni jina la ubatizo. Ulipomzaa ulimwitaje?"

Pazia likafunguka. Mama mzee alitoka na mtoto begani, aliyelia vilevile, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu.

"Wacha wewe! Hilo hata mke wake halijui. Nilikuwa natoka sokoni na karai la samaki kichwani, uchungu ukanishika. Nikamzaa kando ya njia. Shuleni wakamwandika Tonny, na jina la babake, basi lile likabaki letu sisi wawili. Katika ukoo wetu wote hakuna mwingine aliyewahi kuitwa hivyo, hai wala marehemu."

"Lipi, Dani?"

"Oyoo."

Nashon akaandika herufi hizo nne na kubonyeza. Kioo kikatulia kidogo, kisha faili zikaanza kujipanga, safu kwa safu. Akaifungua ya Lokichoggio. Namba ya simu ilikuwa pale juu kabisa.

"Imekubali!" alisema, na akashtuka kusikia sauti yake ilivyojaa chumba kizima.

Hapakuwa na kilio tena. Begani mwa nyanya yake, mtoto alikuwa ametulia, macho wazi, akimtazama mama mzee.

Caren aliisoma namba ile mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akazima mashine.