Kilichofungua Mashine

Kwa sheria ya sasa, chochote kinachofungua mashine ya nyumbani huhesabiwa kuwa zana, na zana zote ni mali ya Idara ya Mafundi. Mashine zenyewe ndizo zinazotoa taarifa kila zinapofunguliwa. Kwa Mwanakheri watu wa Idara walianza kuchukua bisibisi, wakaja kuchukua visu, halafu vijiko, kwa adabu na samahani nyingi. Mumewe, Shomvi, akasema wali mtamu ni wa kula kwa mkono, basi hakuna aliyenung'unika.

Asubuhi ya Idi, mashine ya kukuna nazi ikagoma. Wageni walijaa barazani, mchele ulishaoshwa, na fundi wa Idara hapatikani mpaka sikukuu ipite.

"Leo tunakula wali mkavu," wifi yake, Mosi, akacheka.

"Wali mkavu, nyumbani kwangu? Thubutu!"

Mwanakheri akaipindua mashine. Akachomeka ukucha wa kidole gumba, mwekundu kwa hina ya jana, kwenye kichwa cha skrubu, akazungusha taratibu mpaka kifuniko kikaachia. Ndani, mkanda ulikuwa umekatika. Akavua mpira wa nywele, akauvisha mahali pake. Mashine ikanguruma! Wanawake wakapiga vigelegele.

"Mke wangu fundi!" Shomvi akatamba, akianza kukamua tui.

Ndipo hodi ikapigwa. Wachukuaji wa zana hawana sikukuu. Walikuwa wawili, wanatabasamu kama kawaida yao.

"Idi mubarak, mama. Samahani kwa usumbufu. Tumefuata kilichofungua mashine."

Mwanakheri akawakaribisha wangoje wali wa nazi, huku akikunja kidole gumba ndani ya ngumi, chini ya kanga.