Kamera ya Sebuleni

"Picha yake kali, nyie acheni tu," Kudra aliwaambia wenzake ofisini Tumbi, simu ikiwa mezani katikati ya vikombe vya chai. "Hata maua ya zulia unayahesabu. Sauti ndiyo hovyo, mpaka uongeze yote."

Kwenye kioo cha simu ilionekana sebule ya nyumba yake, mtaa wa Picha ya Ndege. Kamera aliifunga mwezi uliopita, alipomleta mama yake mgonjwa kutoka Mzenga, pamoja na shangazi wa kumuuguza.

Shangazi akatoka chumbani kwa mgonjwa. Akazima televisheni. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaifunika nayo televisheni taratibu, akivuta pindo mpaka kona zote zikapotea.

"Mama msafi huyo, anaikinga vumbi," mmoja akasifu.

Kudra akaisogeza simu karibu. Kwao Mzenga televisheni haifunikwi kanga ila nyumba ikiingiwa na msiba.

Shangazi akainua uso kuitazama kamera. Midomo ilimtetemeka.

"Anaongea na wewe! Ongeza sauti tumsikie."

Kidole cha Kudra kikaenda kwenye kitufe cha sauti. Akaipunguza mpaka ikaisha.